Manipur Isiyoonekana katika Sinema ya Kihindi

Filamu ya Mary Kom (2014) ilisifiwa kwa kuileta Manipur, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, katika sinema ya Kihindi. Sifa hizo zina walakini. Bondia mwenyewe ni wa jamii ndogo ya Wakom, ilhali aliyemwigiza ni Priyanka Chopra, mzaliwa wa Jamshedpur. Watetezi wake husema kuwa soko hudai nyota. Hoja hiyo yasahau kwamba nyota huundwa na sinema iyo hiyo. Wala Manipur si ngeni katika fani hii: Imagi Ningthem (1981), filamu ya Aribam Syam Sharma, ilituzwa huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1982. Waigizaji, basi, wapo. Lin Laishram, Mmanipuri hasa, alikuwamo katika Mary Kom. Alipewa nafasi ndogo.