Wajitokeze kwa nani?

Kuna mwandishi anayesema vijana wanaotishiwa mtandaoni wajitokeze waripoti. Sawa, wajitokeze kwa nani? Huku kwetu Bungoma, binti wa jirani, kidato cha pili, alitishiwa na mtu waliyejuana naye Facebook: tuma pesa ama picha yako iingie kwenye grupu la darasa. Akaazima simu ya shangazi yake, akatuma mia tano. Kesho yake akaitishwa elfu. Alipopelekwa kituo cha polisi, afisa akaanza na, "Na wewe ulimtumia picha ya nini?" Mtoto akanyamaza kabisa. Nani atarudi pale?

Sheria ya uhalifu wa mitandao tunayo tangu 2018, na Sheria ya Watoto ya 2022 juu yake. Anayesikiliza bila kukaripia ndiye adimu.

Wazazi wenzangu wa Kitale na Bungoma, ukimpokonya mtoto simu kwa sababu amekueleza, siku nyingine hatakueleza. Msifute vile vitisho, wekeni pia namba ya M-Pesa iliyopokea hela, na msiongeze hata shilingi. Kisha pigeni 116, Childline Kenya. Ni bure, usiku na mchana, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.