Fizikia Isiishie Ubaoni

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Usemi huu unavihusu pia vyombo vya umeme vilivyomo majumbani. Katika kaya nyingi jokofu ni miongoni mwa vyombo vya thamani kubwa, na aghalabu hununuliwa kwa akiba ya muda mrefu. Hata hivyo, hutumiwa bila kuangaliwa hadi siku linapokoma kupoza. Hapo ndipo fundi huitwa, au chombo hutupwa. La kusikitisha ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo huenda yumo mwanafunzi aliyefaulu vizuri mtihani wa somo la joto.

Jokofu halitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Kimiminika kilichomo katika mabomba ya ndani hugeuka mvuke, na kwa kufanya hivyo hufyonza joto la chakula. Kompresa huusukuma mvuke huo hadi kwenye mabomba ya nje, ambako hutoa joto lake na kuwa kimiminika tena. Mwenye kulielewa jambo hili hahitaji kuambiwa kwa nini vumbi juu ya mabomba ya nyuma ni hasara, wala kwa nini jokofu lisibanwe ukutani. Joto lisipopata njia ya kutokea, kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi, na umeme uliolipiwa huisha upesi.

Vivyo hivyo, barafu nene iliyoganda ndani huzuia joto lisifike kwenye mabomba, kwa kuwa barafu haipitishi joto vizuri kama metali. Yafaa iyeyushwe kwa kuzima jokofu, wala isichokolewe kwa kisu, maana bomba likitoboka hasara yake ni kubwa. Mpira wa mlango nao hupimwa kwa karatasi: mlango ukifungwa juu ya karatasi, na karatasi ikavutika bila kizuizi, hewa ya joto inaingia. Mara nyingine tiba yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni tu. Kazi zote hizi zataka brashi, kitambaa na nusu saa, baada ya plagi kuchomolewa.

Wapo wasemao kwamba umeme ni hatari, na kwamba mambo haya yaachiwe mafundi. Hofu hiyo ina msingi, lakini ujinga hauleti usalama. Pasi ya wati 1,000 katika umeme wa volti 230 hupitisha mkondo wa ampea 4.3 hivi, fyuzi ya ampea 5 yaitosha. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu. Asiyeijua, fyuzi inapoungua, huweka msumari au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake, na pasi huwaka kama kawaida. Huko si kutengeneza. Ni kumfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi. Siku waya utakapogusana na mwenzake, nyumba yaweza kuteketea.

Elimu hiyo hiyo humfundisha mtu mahali pa kukoma. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianzisha safari ya kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na majokofu mengi ya leo hutumia isobutani, gesi inayoshika moto. Kwa hiyo mabomba ya gesi si ya kufunguliwa nyumbani. Hapo fundi aliyefunzwa ana haki ya ujira wake. Anayefagia vumbi na kusafisha mpira wa mlango hamnyang'anyi fundi riziki, bali hukilinda chombo chake kisiharibike kabla ya wakati.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alihimiza kwamba shule imwandae kijana kwa maisha ya jamii yake. Hapana budi walimu wa fizikia waupokee wito huo kwa vitendo. Somo la mkondo wa umeme lianze na lebo iliyobandikwa kwenye pasi; somo la joto limpeleke mwanafunzi nyuma ya jokofu, akiwa na brashi mkononi. Mzazi atakayeona umeme wake unadumu siku mbili zaidi hatauliza tena sayansi ina faida gani.