Jukwaa Ndani ya Kuta za Gereza

Kila tunapowaomba waamini wachangie huduma kwa wafungwa, swali moja hurudi: je, ni haki mtu aliyemwaga damu apewe nafasi ya kucheza maigizo, hali familia ya marehemu ingali inalia? Swali hilo ni zito, wala hatutalipuuza.

Tutazame yaliyotendeka Roma, katika gereza la Rebibbia. Wafungwa wa sehemu yenye ulinzi mkali, wengi wao wakiwa wamehukumiwa kwa makosa ya makundi kama Mafia na Camorra, baadhi kifungo cha maisha, walicheza tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere alitupatia kwa Kiswahili kwa jina la Juliasi Kaizari. Kila mmoja alisema kwa lahaja ya kwao. Ndugu wawili, Paolo na Vittorio Taviani, waliitengenezea kazi hiyo filamu, nayo mwaka 2012 ikapata tuzo kuu ya tamasha la Berlin.

Tuzo si hoja yetu. Brutus anamwua rafiki yake, kisha anajitetea kwamba alitenda kwa ajili ya Roma. Antony anasimama mbele ya maiti, analirudia neno la heshima mpaka linageuka kuwa mashtaka. Watu wa Mafia nao hujiita watu wa heshima. Aliyeua kwa jina hilo, akilazimika kulitamka mbele ya wenzake, au kulala kama maiti huku mwingine akimlilia, hawezi kupita hapo kama apitavyo kwenye mahubiri. Nasi mapadre twajua jinsi mahubiri yapitavyo!

Mchezo haufuti kosa. Mazoezi ni kazi ngumu: kukariri, kumngoja mwenzio amalize, kukubali kusahihishwa bila kukunja ngumi. Aliyemcheza Brutus alikwisha kuachiwa huru, akarudi gerezani kwa ajili ya filamu hiyo, na uigizaji ukawa kazi yake. Lakini filamu yenyewe inaishia kwa milango ya seli kufungwa. Wenye vifungo virefu walirudi ndani.

Kwenu viongozi wa walei: vijana wetu huenda magerezani wakati wa Noeli na Pasaka, wakaimba na kuigiza, wafungwa wakaketi kutazama. Tunashauri safari ijayo mwombe ruhusa kwa mkuu wa gereza ili vijana wakae na kufundisha, na wafungwa wenyewe ndio wapande jukwaani. Na familia zilizofiwa zitembelewe kabla ya zoezi la kwanza.