TUGAWE SWICHI, TUSIFUNGE MAABARA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi leo nauomba huo ukuta, tena ujengwe ndani ya swichi ya mtandao wa shule yetu.

Mnakumbuka maabara ya kompyuta ilivyofungwa wiki tatu muhula uliopita. Wengi mlilalamika, eti nani katuharibia? Sitaficha, ni mimi. Nilikuwa nikitafuta kazi yangu, nikafungua folda nisiyoijua, kumbe ni alama za Kidato cha Nne, majina na yote! Nilimwita mwalimu papo hapo. Kesho yake mlango ukatiwa kufuli, na wenzetu wakakosa pa kufanyia mradi wao wa KCSE.

Jamani, mlango haukuwa na kosa. Kompyuta za maabara na za ofisi zimeunganishwa kwa swichi moja, nayo huzichukulia zote kuwa za nyumba moja.

Kwetu Ruiru, nitokako kila muhula kuja hapa Thika, tunaishi katika ploti ya vyumba kumi. Geti ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango na kufuli yake. Zamani mita ya stima ilikuwa moja. Mmoja akipikia koili, sote tunagombania bili. Mwenye ploti hakujenga nyumba nyingine. Alimwekea kila mtu mita yake ndogo, kelele zikaisha.

Swichi nayo hugawika vivyo hivyo. Njia ya kwanza ni mitandao pepe: matundu kadhaa ya kebo yawe ya maabara, yaliyosalia yawe ya ofisi, na data ya huku isivuke kwenda kule ila kwa njia iliyoruhusiwa. Hata zikipita katika kebo moja baina ya swichi mbili, kiwango cha 802.1Q cha mwaka 1998 huzibandika nambari ili zisichanganyike.

Njia ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2008 kampuni ya Cisco ilitoa swichi za Nexus 7000, ambazo moja iliweza kugawika kuwa vifaa pepe vinne, kila kimoja na msimamizi wake na mipangilio yake. Programu za kimoja zikikwama, vingine vinaendelea na kazi. Lakini hizo ni swichi za vituo vikubwa vya data. Sisi ya kwanza yatutosha.

Kuna watakaosema, si tununue swichi nyingine tu? Ni sawa, lakini kama tuliyo nayo inakubali kugawika, mbona tutumie pesa za vitabu? Tena sidai kwamba ukuta huu unamaliza yote. Huwekwa na binadamu, na binadamu hukosea. Folda ya alama bado yahitaji nywila, na nywila isibandikwe ukutani!

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde. Alama zetu ni habari zetu. Basi walimu wetu wapendwa, zilindeni, lakini msitufungie mlango wa elimu. Mwenye ploti akitaka amani huweka mita, hawafukuzi wapangaji.

Wasalaam,
Mwanachama, Kidato cha Tatu