Kipimo cha dhahabu kisifungiwe maabara

Mtoto wa miezi sita hawezi kumwambia mama yake kwamba ubavu unamuuma. Hulia tu, mkojo ukapungua, na daktari anapogundua vijiwe kwenye figo, mara nyingi maji huwa yamezidi unga.

Ndivyo ilivyokuwa Uchina mwaka wa 2008. Watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 wakafariki baada ya kunyweshwa maziwa ya unga yenye melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki. Walaghai walitia maji katika maziwa, kisha melamini ili kuficha hila yao. Kipimo kilichotumika kukadiria protini kilihesabu nitrojeni tu, na melamini imejaa nitrojeni.

Tangu hapo wanasayansi wamebuni kipimo ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili kuwa katika kila kituo cha kupokea maziwa. Hutumia chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 13 hivi; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Zikielea majini kila moja peke yake, maji huwa mekundu kama divai. Melamini ikiingia, chembe hushikana na maji yakageuka buluu. Jicho tupu latosha. (Dhahabu yenyewe ni kidogo mno, hata sonara hangeinama kuiokota.)

Wako wanaosema tutegemee mashine kubwa za maabara. Sikubaliani nao. Mashine hizo ndizo za kutoa uamuzi wa mwisho, lakini ziko mbali, na maziwa hunywewa leo. Vituoni kwetu mkulima hupimiwa kwa laktomita, ambayo hufichua maji lakini haitambui kemikali.

Hata hivyo, tusidanganyane. Protini za maziwa zaweza kuvuruga rangi, kwa hivyo ni lazima ziondolewe kwanza. Chumvi nayo huweza kuzishikanisha chembe, mkulima asiye na hatia akaonewa. Tena rangi ikibaki nyekundu, hiyo ni habari ya melamini pekee. Mfanyabiashara mjanja ataandika "yamepimwa" kwenye pakiti, na mama ataamini kila kitu ki salama.

Mwaka wa 2010, tume ya Codex iliweka kikomo cha miligramu 1 ya melamini kwa kila kilo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga. Wanaosimamia vituo na mipaka yetu wanunue vichupa hivyo, wawafunze wapimaji, na maziwa yakigeuza rangi yazuiliwe hapo hapo hadi maabara ithibitishe.