Pesa ya shimo haina laana: tumtazame Kanumba, tumtazame Arnold



Siku ya soko kule Baraka, ukipita karibu na nyumba ya kideo, utasikia kelele mbele ya kuona kitu. Vijana wametelemuka kutoka Misisi na Lubichako, wamelipa kiingilio, wamebanana kwenye mabao, macho yote kwa televisheni. Kuna watu wawili ambao filamu zao hazichoshi: Kanumba, na Arnold Schwarzenegger, ambaye huku kwetu anaitwa Komando tu. Filamu za Kanumba tulizizoea tangu kambini. Wengi wetu tulikimbia vita ya 1996, tukavuka ziwa, tukaishi Lugufu na Nyarugusu. Tuliporudi Fizi na Ubwari tulileta mabati, watoto waliozaliwa ng'ambo, Kiswahili cha Kigoma, na CD za Bongo.

Sura za watu hao tunazijua kuliko sura za wajomba zetu. Lakini kitu kimoja hatujauliza: filamu ikiisha, pesa yao ilienda wapi?

Tunauliza katika ukurasa huu wa wachimbaji juu ya sababu moja. Mtu wa filamu na mtu wa shimo wanafanana kuliko tunavyozania. Wote wawili wanaweza kukaa miezi bila kitu, kisha siku moja pesa ikamwagika kwa mara moja. Wote wawili wanakula kwa nguvu ya mwili, na mwili una mwisho wake. Na wote wawili, mara nyingi, wanachimba katika shimo la mwengine.

Kuna neno moja linalozunguka chimboni, tumelisikia tangu utoto: eti pesa ya dhahabu ni ya moto, ukiiweka inaondoka na mtu, lazima iliwe. Sisi tunakataa. Tunamjua kijana mmoja wa huku kwetu, jina lake tunaliacha. Shimo lao lilitoa, akapata fungu lake, akashuka mjini. Siku tisa. Pombe kwa rafiki na kwa wasio rafiki, simu mpya, pikipiki aliyoiuza siku ya nane kwa nusu ya bei. Siku ya kumi alipanda tena mlimani kwa deni la unga na maharagwe. Wiki ileile binti yake alirudishwa kutoka masomo juu ya minervali. Laana gani hapo? Hapo kuna hesabu tu, na hesabu ile haikufanywa.

Lakini tusimuonee bure. Mchimbaji anayekula pesa haraka ana akili yake. Benki iko mbali. Njiani kuna bariera, na kila bariera ina mkono. Usiku kuna watu wa bunduki. Dukani kuna deni la miezi sita. Mwenye kujua kwamba pesa ya mfukoni inaweza kunyang'anywa leo usiku, anaona afazali aile yeye mwenyewe. Ndiyo maana hatutaki kuhubiri. Tunataka kuangalia wengine waliopata pesa ya namna hiyo walifanya nini.

Tuanze na wa karibu. Steven Kanumba alizaliwa mwaka wa 1984 Shinyanga, mkoa wa almasi ya Mwadui, kwa hiyo hata yeye alitoka nchi ya mashimo. Alifika Dar es Salaam, akaingia kundi la Kaole, akacheza michezo ya televisheni. Pale alikuwa mtu wa kulipwa: unacheza, unapewa chako, unaenda. Mwaka wa 2006 alicheza Dar 2 Lagos pamoja na Wanaijeria, na jina lake likavuka mipaka. Kisha akafanya kitu ambacho wengi hawakukiona kwa sababu walikuwa wanatazama suti zake: alifungua kampuni yake mwenyewe, Kanumba The Great Film. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyechagua hadisi, yeye aliyeita wachezaji, yeye aliyelipa watu wa kamera, na filamu ikiisha ni yeye aliyeipeleka sokoni. Hakuwa peke yake. Ray na Johari waliungana wakaanzisha RJ, na JB akawa na Jerusalem yake. Kwa lugha yetu ya chimboni: walitoka kuwa wabeba mchanga, wakawa PDG wa shimo.

Ila tuseme na upande wa pili. Desturi ya soko la Dar wakati ule ilikuwa hivi: mwenye filamu anaibeba kwa msambazaji, anaiuza na haki zake zote kwa mara moja, anapewa pesa, kwisha. Baada ya hapo CD inaweza kufika Kigoma, Bujumbura, Uvira, mpaka kwenye nyumba yetu ya kideo Baraka, na yeye haoni tena hata franga moja. Na nyingi ya zile tulizotazama zilikuwa kopi za wizi. Tukubali, hata sisi tulikula jasho lake. Hiyo ni sawa kabisa na kuuza mchanga kando ya shimo kwa negosya, juu ya njaa ya leo. Negosya anapeleka kwa kontwari, kontwari anapeleka ng'ambo, na kila mkono unaongeza bei. Wewe uliyeingia ndani ya udongo umebaki na bei ya kwanza, ile ndogo kuliko zote.

Tarehe 7 Aprili 2012 Kanumba alifariki Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Maelfu walimzika Kinondoni, na huku ng'ambo kulikuwa na nyumba ambamo watu hawakula siku ile. Alikuwa mwenye kampuni na tena yeye ndiye uso wa kampuni. Uso ukiondoka, kazi gani inabaki? Sisi ambao kila mwaka tunazika vijana waliofunikwa na udongo, swali hilo ni letu.

Tumkumbuke na Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyetuchekesha miaka mingi. Mwaka wa 2018, alipokuwa mgonjwa, waziri wa sanaa wa Tanzania aliagiza mikataba yake ya matangazo ichunguzwe. Mzee alifariki mwezi wa nane mwaka uleule. Mtu mwenye sura inayouza bidhaa nchi nzima, na mikataba yake inakuja kusomwa vizuri siku yuko kitandani! Karatasi isomwe mbele ya kutia kidole. Tutarudi hapo.

Sasa Komando. Arnold alizaliwa Austria mwaka wa 1947, akaingia Marekani mwaka wa 1968 akiwa na miaka 21, Kiingereza chake cha kuokoteza. Alikuwa mtu wa kuinua vyuma. Vyuma havikumlipa vizuri, basi yeye na rafiki yake Mwitaliano, Franco Columbu, wakaanza kazi ya kujenga kwa matofali. Ndiyo, yule mnayemwona na bunduki begani alikuwa fundi wa matofali. Mwaka wa 1971 tetemeko likapiga Los Angeles, kuta na mabomba ya moshi yakaanguka, kazi ikawa nyingi. Aliongeza na biashara ya kuuza kwa posta vitabu vya kufundisha mazoezi.

Pesa ile aliipeleka wapi? Alinunua jengo la kupangisha. Kisha akanunua lingine. Wapangaji walilipa kila mwezi, acheze filamu asicheze. Mbele ya Terminator ya 1984, mbele ya Commando ya 1985, alikwisha kuwa tajiri kwa majumba. Mwenyewe amesema mara nyingi faida ya jambo hilo: hakuwa na lazima ya kukubali kila kazi ndogo ya filamu, juu ya nyumba ilikuwa inamlisha. Sikieni hapo vizuri. Mtu mwenye njaa hawezi kukataa bei. Mtu mwenye ugali nyumbani anaweza kusema: subiri, narudi kesho.

Mwaka wa 1988 alifanya kingine. Filamu ya Twins, ya kuchekesha, matajiri wa sinema waliiogopa. Yeye, mwenzake Danny DeVito na mwongozaji Ivan Reitman walisema: mshahara hatutaki, tupeni fungu katika faida. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, na Arnold anasema hakuna filamu iliyompa pesa kuliko ile. Kumbe fungu! Sisi wa chimbo tunajua fungu ni nini. Tena tunajua mtu anayekubali malipo ya siku anavyowatazama wenzake siku mshipa wa dhahabu unapofunguka.

Hata yeye alianguka. Alikuwa na hisa katika mikahawa ya Planet Hollywood, iliyofunguliwa New York mwaka wa 1991 kwa kelele kubwa na masta wengine. Mwaka wa 1999 kampuni ilikimbilia mahakamani kwa kushindwa na madeni. Haikummaliza, kwa sababu mayai yake hayakuwa yote katika kapu lile.

Mtatuambia: Amerika ni Amerika. Kule kuna benki, kuna karatasi ya nyumba inayoheshimiwa, kuna korti, hakuna vita ya kila msimu. Ni kweli, na hatuwezi kumulinganisha mtu wa California na mtu wa Misisi kama mapacha wa filamu. Serikali inatudai kodi na njia haitutengenezei. Hilo tutaendelea kuliandika. Ila je, tungoje mpaka serikali ipone? Binti wa yule kijana hangoji. Mwaka wa masomo unaenda. Basi tunasema mambo manne yanayowezekana huku kwetu, na vita ikiwapo.

La kwanza, siku ya kugawana, mke asiwe mtu wa kusikia habari kwa jirani. Kabla ya chupa ya kwanza, fungu moja liende nyumbani. Mama zetu wana likelemba, wana AVEC na MUSO, wanaweka kidogo kidogo na wanakopeshana. Sanduku la mama wa kijiji limeshinda mfuko wa suruali mara nyingi. Na wale wanaosema mwanamke hawezi kufanya biashara bila ruhusa ya bwana, wajue kwamba sheria ya familia ya nchi yetu ilibadilishwa mwaka wa 2016. Ruhusa ile imeondolewa.

La pili, parseli yenye karatasi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili vya kupangisha, Baraka au Fizi-centre, ni jengo la Arnold kwa kipimo chetu. Karatasi iwe na mashahidi, na jina la mama liandikwe, ili siku shimo likimfunika baba, wajomba wasije kufukuza watoto.

La tatu, mkataba wa shimo uandikwe mbele ya kuchimba. Nani ameleta chakula, nani ameleta mota, nani anapata fungu gani, deni linakatwa namna gani. Asiyejua kusoma amuite mwalimu. Sheria ya madini, ile ya 2002 iliyogeuzwa 2018, inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya kooperative. Vema, tuingie, lakini tuulize daftari. Kooperative ya mtu mmoja na muhuri wake, hiyo ni shimo la mwengine limevaa jina jipya.

La nne, kazi ya pili. Ubwari ni nchi ya ziwa na ya michikichi. Nyavu, shamba la muhogo, mashine ya kusaga, mafuta ya mawese, hisa katika boti ya kwenda Kigoma. Ziwa nalo siku hizi linafungwa kwa miezi ili samaki wazaane, basi hata nyavu peke yake hazitoshi. Mguu mmoja mlimani, mguu mmoja nyumbani.

Wapo ndugu zetu waliokwisha kufanya hivyo, bila kelele. Mnawajua katika vijiji vyenu: yule mwenye kinu, yule ambaye watoto wake wamefika Uvira na Bukavu kwa masomo. Hawakupata dhahabu nyingi kuliko wengine. Vijana wakitoka kwenye kideo Jumamosi hii, wapite kwao wawaulize walianzaje, na wasiogope kuuliza hata hesabu. Na mama wa nyumba, siku bwana akituma habari kwamba shimo limetoa, usingoje ashuke. Panda boti, panda pikipiki, uwe pale wakati mizani inawekwa.