Nyumba ya mbao, mtoto alale bila mbu
Mzazi, ukipanga nyumba ndogo ya mbao, anza na chumba cha watoto. Kijijini Magoda, Muheza mkoani Tanga, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta za mbao, mianzi au wavu. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha mbu walipungua kwa asilimia 96 katika zile zenye vyumba vya kulala ghorofani, zikilinganishwa na nyumba za kawaida za kijijini. Mbu wengi huruka karibu na ardhi. Kuta zinazopitisha hewa nazo hupunguza joto, hivyo mtoto hakimbii chandarua usiku.

Fedha ya ghorofa haipo? Inua sakafu, weka wavu madirishani, ziba uwazi chini ya paa. Chandarua kibaki palepale.